Injini ya CG125: namna ya kuitambua, kuseti tapeti na kuitunza isikufie njiani

Ukipita vijiwe vya bodaboda hapa Morogoro, kuanzia Msamvu mpaka Mazimbu, utaona pikipiki za majina chungu nzima: SanLG, Toyo, Fekon, Kinglion, na nyingine ambazo stika ilishabanduka na hata mwenyewe hakumbuki alinunua nini. Boxer na TVS ziweke pembeni, hizo ni za India na zina ukoo wao. Hizi za Kichina, ukifungua kifuniko cha juu cha injini, mara nyingi utakutana na kitu kilekile: fimbo mbili nyembamba zinazopanda kutoka chini kuja kusukuma roka, vile vikono vinavyozifungua valvu. Hiyo ni kazi ya Honda, CG125 ya mwaka 1976. Wachina waliinakili, wakaipanua silinda, wakaipa majina yao, ikatufikia.

Mimi ni fundi, na injini hizi ndizo zinazonilisha. Ninayo pia Honda yenyewe, tenki jekundu lililopauka, niliyoinunua kwa mwalimu mstaafu wa Kilosa. Kwa hiyo mtoto namjua na mzazi namjua, na ninachotaka kukuonyesha hapa ni jinsi ya kuitunza injini hii kwa mikono yako, kwa vifaa ambavyo thamani yake haifiki tenki moja la petroli. Nitaanza na historia kidogo, kwa sababu bila kujua ilichorwa kwa ajili ya nani hutaelewa kwa nini inakufa inavyokufa.

Ilichorwa kwa ajili ya mtu asiyeijali

Kabla ya CG, pikipiki ya Honda ya ukubwa huu ilikuwa CB125S. Nzuri sana, nyepesi, ina kasi. Kemshafti yake, yaani mhimili unaofungua valvu, imekaa juu kabisa kichwani, inazungushwa na taimingi cheni. Lakini ile kemshafti ilizunguka moja kwa moja ndani ya aluminiamu ya kichwa, bila beringi. Oili ikiwa safi, hakuna tatizo. Oili ikichafuka au ikipungua, kule juu ndiko kunakoumia kwanza, na kikishachimbika kichwa, unanunua kichwa kizima.

Huko Japani mtu anabadilisha oili kwa tarehe. Katika nchi ambazo pikipiki ni punda wa familia, mambo si hivyo. Honda waliona kwamba kwa watu wa namna hiyo pikipiki ni chombo cha kazi, inapakiwa kupita kiasi, inapita kwenye vumbi, na matengenezo ni mpaka iharibike. Wangeweza kuandika kitabu cha maelekezo kinene zaidi. Badala yake walibadilisha injini.

Waliishusha kemshafti chini, karibu na krenkishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni), ikazungushwa na gia badala ya cheni. Taimingi cheni ikaondoka, na kikaza cheni chake kikaondoka. Kule chini oili ipo muda wote. Kutoka kwenye kemshafti zikapandishwa pushirodi mbili, zile fimbo nilizozitaja mwanzo, hadi kwenye roka. Watu wa pikipiki za mashindano wangecheka, maana huo ulikuwa mtindo wa zamani. Ila hesabu zake si mzaha: kipenyo cha silinda milimita 56.5, safari ya pistoni milimita 49.5, jumla 124 cc, na nguvu kama farasi 11 kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika. Kwa injini ya pushirodi, hiyo ni kazi ya watu wenye akili.

Na kuna jambo moja ambalo mpaka leo likinipita mkononi natabasamu. Kemshafti ya CG ina nundu moja tu. Injini ya kawaida ya silinda moja ina nundu mbili, moja ya valvu ya kuingiza na moja ya kutoa. Hapa nundu ni moja, na miguu miwili midogo imepangwa ili nundu hiyohiyo iinyanyue mmoja, izunguke kidogo, iinyanyue na wa pili. Chuma kidogo, mashine ndogo ya kukitengeneza, bei ndogo. Ukikishika kipande hicho mkononi, gia na nundu vikiwa kitu kimoja, utadhani kimeanguka kutoka kwenye cherehani.

Mengine yalifuata mawazo hayohayo. Cheni ya nyuma ilifunikwa yote kwa bati, juu na chini, vumbi lisiiguse. Chujio la hewa likawa sponji, unaifua unairudisha. Chujio la oili la karatasi, lile la kununua na kutupa, halipo kabisa. Nitalirudia hilo, kwa sababu ndilo linalowaua wengi.

Mwaka huohuo wa 1976 Honda walifungua kiwanda Manaus, katikati ya msitu wa Amazon huko Brazili, na CG125 ndiyo pikipiki ya kwanza kutoka pale. Pelé mwenyewe aliitangaza. Baadaye Brazili ikawa inazipeleka hata Uingereza, ambako wanafunzi wa udereva walijifunzia, na mwishoni zilitoka Uturuki mpaka mauzo ya Ulaya yalipokoma mwaka 2008. Brazili walianza kuachana na pushirodi mwaka 2004 walipotoa CG150, ingawa jina CG wanalo mpaka leo. Pakistani hawajaachana nayo. CG125 bado inatoka kiwandani ikiwa na sura ambayo mzee wa mwaka 1980 angeitambua bila kuuliza.

Kwanza jua unayo ipi

Usianze kufungua kabla hujajua injini yako ni ya ukoo gani. Angalia namba iliyogongwa kwenye injini, upande wa kushoto kwa chini. Kwenye za Kichina utaona kitu kama 156FMI au 162FMJ. Watu wanaiona kama namba ya bahati nasibu, kumbe inasomeka. Ile 1 ya mwanzo ni idadi ya silinda. Namba mbili zinazofuata ni kipenyo cha silinda kwa milimita: 56 au 62. F inasema inapozwa na upepo, M inasema ni ya pikipiki, na herufi ya mwisho ni ukubwa: I ni 125, J ni 150. Kwa hiyo 156FMI ina silinda ileile ya Honda ya mwaka 1976, na 162FMJ ni hiyohiyo iliyopanuliwa hadi milimita 62, safari ya pistoni ikaachwa 49.5.

Ukienda dukani kununua pistoni bila kuijua namba hiyo, utarudi na pistoni ya mtu mwingine.

Lakini namba hiyo haikwambii kama ni pushirodi au cheni, maana Wachina walinakili na ukoo wa CB pia, na namba zinaweza kufanana. Njia ya uhakika ni kufungua kifuniko cha juu. Ukiona gia ya meno juu kichwani na cheni imeivaa, hiyo ni ya taimingi cheni, na maelekezo yangu ya tapeti yatakusaidia nusu tu. Ukiona roka mbili na chini yake vichwa vya fimbo vinatokeza kwenye shimo, karibu nyumbani.

Kuseti tapeti

Kuseti tapeti ni kurekebisha ule mwanya mdogo kati ya skrubu ya roka na mkia wa valvu. Kazi hii ndiyo ninayotaka uijue kuliko zote, na ndiyo inayofanywa vibaya kuliko zote. Vijana wengi wanaseti kwa kidole: wanatikisa roka, wakisikia "tik tik" kidogo wanakaza nati, kazi imekwisha. Fundi mzee mwenye mkono wa miaka mingi anaweza. Wewe nunua fila geji. Ni vile visu vyembamba vilivyofungwa pamoja, kila kimoja kimeandikwa unene wake. Unachokitaka ni 0.08. Honda waliandika milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi, na mimi naitumia hiyohiyo hata kwenye za Kichina.

Baridi maana yake baridi. Pikipiki ilale, uifungue asubuhi kabla ya kuwashwa. Ukiniletea saa nane mchana umetoka nayo Mikese na magunia mawili ya mkaa, nitakwambia iache hapa ukale.

Ipandishe kwenye stendi ya kati, gurudumu la nyuma lisiguse chini. Toa plagi, ili injini izunguke bila kukubishia. Toa kifuniko cha roka, na kabla ya kukitoa piga brashi pembeni yote, maana mchanga ukidondokea mle ndani umeshaanza kusaga. Sasa weka gia ya mwisho. Hapo ukilizungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, kuelekea mbele kama linavyokwenda barabarani, injini nayo inazunguka polepole kwa upande wake sahihi. Mbinu hii inakuondolea shida ya kutafuta soketi ya kuzungushia sumaku.

Angalia roka ya upande wa kabureta. Itasukuma valvu chini, kisha itairudisha juu. Ikisharudi, pistoni iko njiani kupanda kubana hewa. Endelea taratibu. Kama kifuniko chako cha kushoto kina vizibo viwili, fungua cha juu, utaiona sumaku ikipita na alama zake: F, kisha T. Unaitaka T, ikae sawa na alama ya kifuniko. Kama hakina vizibo, tumbukiza mrija wa soda kwenye tundu la plagi uusikie pistoni ikiusukuma hadi inapofika juu na kusita. Mrija, si bisibisi. Nimeshatoa vipande vya chuma vya kutosha kwenye silinda za watu.

Sasa shika roka zote mbili, moja moja. Zote zinatakiwa zicheze kidogo. Kama mojawapo imekaza kabisa, uko kwenye mzunguko usio wake; izungushe injini mzunguko mmoja mzima tena, T irudi, ujaribu upya. Usiseti chochote roka ikiwa imekaza pale, kwa sababu utalegeza usichotakiwa kulegeza.

Pitisha kisu cha 0.08 kati ya skrubu ya tapeti na mkia wa valvu. Kinatakiwa kipite kwa kukwaruza, kama unavyovuta shilingi iliyobanwa kati ya vidole viwili. Kikipita bila kugusa, legevu. Kisipoingia, imebana. Legeza nati, zungusha kile kichwa kidogo cha mraba hadi kisu kikwaruze, kisha kishike kichwa hicho kisizunguke wakati unakaza nati. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: nati ikikazwa inaivuta skrubu, na ile 0.08 uliyoihangaikia inageuka 0.04. Kwa hiyo baada ya kukaza, pitisha kisu tena. Kama imebadilika, rudia. Kwangu hii huwa inachukua mara mbili au tatu na sioni aibu.

Siku moja kijana mmoja wa kijiwe cha hapa jirani alinijia.

"Shikamoo fundi. Hii inapiga kelele juu, nibanie tapeti zinyamaze."

"Marahaba mdogo wangu. Nikizinyamazisha, utanirudia baada ya mwezi unataka valvu."

"Sasa abiria wanalalamika, wanasema pikipiki mbovu."

Hakuamini hadi nilipomwonyesha valvu ya kutoa ya pikipiki nyingine, ukingo wake umeliwa upande mmoja, mweusi, umepindika. Valvu ya kutoa inapozwa pale inapokaa kwenye kiti chake. Ukibana tapeti kupita kiasi, haikai sawasawa, joto halipati pa kwenda, moto unapita pembeni yake kila mlipuko. Dalili utaziona: asubuhi inawaka vizuri, ikipata moto ukiizima haiwaki tena mpaka uisukume, na ukiachia resi kwenye mteremko inapiga risasi kwenye bomba la moshi. Kelele ndogo ya tapeti kwenye injini ya pushirodi ni ya kawaida. Ninachokiogopa ni ukimya.

Kelele ikibaki kubwa hata baada ya kuseti sawasawa, basi si tapeti. Ni ile nundu moja niliyokwambia, au miguu inayoikanyaga. Ikiliwa, valvu zote mbili zinafunguka kidogo kuliko zinavyotakiwa, kwa pamoja, na pikipiki inapoteza nguvu juu ingawa mgandamizo upo na plagi ni nzima. Kibodaboda kinakwenda 60 halafu basi, hata ukivuta resi yote. Watu wanabadilisha kabureta, wanabadilisha koili, wanabadilisha CDI (kile kiboksi cha umeme cha kuchochea moto wa plagi), pesa inaisha. Fungua kifuniko, zungusha gurudumu, uangalie roka zinavyoinama. Kama umeshaona nzima zinavyoinama, tofauti utaiona kwa macho.

Oili, na lile bakuli ambalo hakuna anayelifungua

Nilisema injini hii haina chujio la karatasi. Badala yake, upande wa kulia, kwenye ncha ya krenkishafti, kuna bakuli dogo la chuma linalozunguka na injini. Oili inapitia humo kabla ya kwenda kwenye beringi kubwa ya konrodi, kile chuma kinachounganisha pistoni na krenkishafti. Likizunguka, uchafu mzito unarushwa pembeni na kuganda kwenye ukuta wa bakuli, oili iliyo safi inaendelea. Ni ubunifu wa kupendeza, hauna cha kununua. Ila uchafu ulioganda mle hautoki kwa kumwaga oili. Unakaa. Unaongezeka. Mwisho bakuli linajaa, na baada ya hapo oili inapita na takataka zake.

Pikipiki niliyoifungua juzi ilikuwa na tope jeusi gumu, nililichokoa kwa kijiti kama ukoko kwenye sufuria. Mwenyewe anaapa anabadilisha oili kila wiki mbili, na namwamini. Hakuna aliyewahi kumwambia kuhusu bakuli.

Kulisafisha: mwaga oili, toa kiki na uilegeze waya ya klachi, kisha fungua skrubu za kifuniko cha kulia. Andaa gasketi mpya kabla hujafungua, si baada. Skrubu za Honda ya zamani zinaonekana kama nyota ya kawaida lakini mkato wake ni wa Kijapani. Bisibisi ya kawaida inateleza na kuzichokonoa. Tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo, igonge mara mbili tatu, zitaachia. Ndani, bakuli lina kifuniko kilichofungwa kwa skrubu tatu ndogo. Kifungue, kwangua taratibu, osha kwa petroli, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Ukiwa bado mlemle, kwa chini utaona kichujio cha wavu kimesimikwa kwenye mfereji wake. Kivute, kioshe, kirudishe kikiwa kimeelekea kilivyokuwa. Na kama bolti kubwa ya chini ya injini yako ya Kichina inatoka na springi na wavu, osha na huo. Kazi hii ifanye angalau mara moja kwa mwaka. Kwa bodaboda wa kazi kila siku, mara mbili.

Kuhusu oili yenyewe, ugomvi ni mwingi vijiweni. Msimamo wangu ni huu. Klachi ya pikipiki hii inaoga kwenye oili hiyohiyo ya injini. Oili za magari za kisasa zenye dawa ya kupunguza msuguano zinaifanya klachi iteleze: unavuta resi, injini inapaa, pikipiki haiendi. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, hiyo ni oili iliyopimwa kwa klachi za kuloweka. Unene wa 20W-50 au 10W-40 unafaa kwa joto letu. Injini inachukua kama lita moja. Kipimo unakifuta, unakiingiza bila kukizungusha kikaze, unakitoa, unasoma. Ukikikaza kitakudanganya kwamba oili ipo ya kutosha.

Mimi naibadilisha kila kilomita 1,500. Anayekwambia CG inaweza kwenda 5,000 bila kubadilisha hasemi uongo, inaweza. Ilichorwa iweze. Lakini Honda waliipa injini hii uvumilivu kwa ajili ya mtu aliyeko mbali na duka la oili. Wewe duka liko ng'ambo ya barabara. Na ikifika siku ya kushindwa, haitaanza na kitu kidogo: itaanza na beringi ya konrodi, na hiyo ni kushusha injini yote na kupasua krenkesi, yaani kulifungua bodi lake vipande viwili.

Plagi, hewa, cheni

Haya nitayapita haraka. Plagi ya CG ni NGK D8EA au inayolingana nayo. Ya Kichina imeandikwa D8TC. Nafasi ya kuchochea ni milimita 0.6 hadi 0.7. Ukiitoa na kuikuta ya kahawia, funga uendelee na maisha. Nyeusi kavu ni petroli nyingi au sponji ya hewa imeziba, nyeusi yenye mafuta ni ringi au sili za valvu, nyeupe ni petroli kidogo, na hiyo nyeupe usiisubirie.

Sponji ya hewa ioshe kwa sabuni na maji ya vuguvugu, ikaushe kivulini, idondoshee oili kidogo na uiminye isambae. Ukiirudisha kavu, vumbi la barabara ya Turiani linapita kama hakuna kitu. Kuna wanaoitoa kabisa ili "ipumue". Inapumua kweli, na ringi zinakwisha ndani ya msimu mmoja.

Cheni iwe na ulegevu wa kama sentimita 2 katikati, na uipime mtu akiwa amekaa juu, kwa sababu ukiipima tupu kisha ukapakia abiria wawili, itakaza hadi ivute beringi ya sproketi ya mbele. Kama pikipiki yako ilikuja na bati la kufunika cheni, usilitoe. Najua linapiga kelele, najua mafundi hulitupa ili kazi iwe rahisi. Lilikuwa wazo zuri mwaka 1976 na vumbi halijapungua tangu hapo.

Ukitaka kununua Honda yenyewe

Zipo chache, mara nyingi kwa wastaafu, na bei inategemea kama mwenyewe anajua ana nini. Usidanganywe na tenki lenye maandishi ya Honda. Tenki ni spea kama spea nyingine, na maandishi ni stika. Tazama kwanza injini na fremu: maandishi CG125 yaliyogongwa kwenye chuma, si kuchorwa kwa kalamu ya umeme. Kisha linganisha namba hizo na kadi, tarakimu kwa tarakimu, jua likiwa linawaka. Kama jina kwenye kadi ni la marehemu, wamalize kwanza mambo ya mirathi, uje kulipa baadaye.

Za mwanzo ni za volti 6 na zina pointi za kuchochea moto, za baadaye ni volti 12 na CDI. Usiziogope za pointi. Zinahitaji nafasi ya milimita 0.3 hadi 0.4 na kipande cha msasa laini mara mojamoja. Taa yake ya mbele ni hafifu, hilo halina dawa. Usiku usiende nayo Iringa.

Iwashe ikiwa baridi, uwe umekuwepo tangu haijawashwa. Muuzaji akiwa ameshaipasha moto kabla hujafika, mwombe urudi kesho. Kiki mbili tatu zinatosha. Moshi wa bluu unaotoka mara moja kisha ukaisha ni sili za valvu, hilo tunaongea bei. Moshi wa bluu usioisha ni ringi na silinda, hapo tunaongea bei nyingine. Mgongo wa injini ukigonga kwa sauti nzito ya chini unapovuta resi, achana nayo isipokuwa unanunua kwa ajili ya spea.

Spea zenyewe si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani. Pistoni ya milimita 56.5 na gasketi zipo hapahapa kwa sababu ya 156FMI, ila pima kwanza, usilazimishe. Mimi kwenye yangu nimefunga ringi za Kichina na zinafanya kazi, lakini nundu na miguu yake nimeviacha vya Honda, kwa sababu chuma chake ni kigumu zaidi na hakijaliwa mpaka leo. Ukiipata yako, siku ya kwanza usiende nayo popote. Fungua kifuniko cha kulia, safisha bakuli, weka oili mpya, seti tapeti asubuhi inayofuata, tembea nayo kilomita 300, kisha imwage ile oili hata kama bado inaonekana safi.